Ukiambiwa "hama" Kasulu au Kibondo: sheria iko upande wa nani?

"Mwalimu, habari za kazi. Kile chumba nakihitaji, kuna ndugu yangu anakuja. Mwisho wa mwezi naomba uwe umetoka."

Meseji ya namna hii inaweza kumkuta mpangaji yeyote, awe Murubona au Mwilamvya mjini Kasulu, awe Kumwambu au Biturana kule Kibondo.

Chukulia mfano wa mwalimu aliyepangiwa kituo Kasulu. Amelipa kodi ya miezi sita, amekaa miezi minne tu. Ana mtoto darasa la pili, na mvua za Novemba zimeshaanza. Mkataba wa maandishi hana. Siku anaingia alimpa mama mwenye nyumba hela mkononi, dalali akashuhudia, akachukua chake akaondoka.

Wapangaji wengi wa aina hii huamini hawana pa kushika kwa sababu hawana karatasi. Wengine huamini kinyume chake: nimelipa, basi hakuna wa kunigusa. Wote wamekosea.

Ukweli ni kwamba sheria ya Tanzania inamlinda mpangaji hata asiye na mkataba wa maandishi. Lakini inamlinda yule anayeweza kuonyesha alilipa nini, lini, na mpaka lini. Hilo haliwezekani kutengenezwa siku ya ugomvi. Linatengenezwa siku ya kulipa.

Kwa nini sasa

Kasulu na Kibondo zina historia yake kwenye nyumba za kupanga. Kwa zaidi ya miaka 30, miji hii imepokea mawimbi ya watu kutoka Burundi na Kongo. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996. Baada ya vurugu za Burundi za Aprili 2015, Nduta wilayani Kibondo ikajaa tena.

Kila wimbi lilikuja na ofisi. Mashirika yalihitaji nyumba zenye uzio, choo cha ndani na tangi la maji. Wafanyakazi wao, kuanzia madereva hadi wahasibu, walihitaji pa kulala. Mwenye kiwanja kizuri mjini akajenga, na aliyekuwa na nyumba ya kawaida akaongeza vyumba vya uani.

Kisha mawimbi hurudi nyuma. Mtabila ilifungwa mwishoni mwa 2012. Mtendeli, jirani tu Kakonko, ikafungwa mwaka 2021. Warundi wamekuwa wakirejea kwao kwa mpango maalumu tangu 2017. Januari 2025 Marekani ikasitisha misaada yake ya nje, na mashirika mengi duniani yaliyotegemea fedha hizo yakaanza kupunguza watu na miradi.

Wakati huohuo kuna watu wengine wanaoingia. Ujenzi wa barabara ya lami ya Kabingo–Kibondo–Kasulu–Manyovu, yenye urefu wa kilomita zipatazo 260, ulileta mafundi na wahandisi. Walimu na wauguzi wapya wanapangiwa vituo. Wanachuo nao wanatafuta vyumba, na wafanyabiashara wa maharage na mahindi wanatafuta fremu na stoo.

Katika soko la namna hii kila upande huumia kwa zamu yake. Nyumba zikiwa chache, mpangaji anayelipa kidogo hutafutiwa sababu ili apishe anayelipa zaidi. Nyumba zikizidi, aliyejenga kwa mkopo akitegemea mpangaji wa shirika hubaki na geti kubwa na nyumba tupu. Hapo ndipo migogoro huzaliwa: kodi kupandishwa ghafla, notisi za wiki mbili, kufuli mlangoni, hela ya miezi iliyobaki kutorudishwa.

Sheria iliyoondoka, na iliyobaki

Zamani Tanzania ilikuwa na sheria maalumu ya kudhibiti pango, ya mwaka 1984. Iliweka mipaka kwenye kupandisha kodi na kumtoa mpangaji. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005.

Tangu hapo, upande wa Bara hakuna sheria inayomwambia mwenye nyumba apandishe kodi kwa asilimia ngapi. Hakuna pia inayomkataza kudai kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Mawaziri wa ardhi kwa nyakati tofauti wamezungumzia sheria ya kusimamia sekta ya milki. Lakini mpangaji wa Kasulu hawezi kwenda barazani na hotuba ya waziri.

Anachoweza kwenda nacho ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 pamoja na Sheria ya Mikataba. Sheria ya Ardhi ina sehemu nzima inayohusu upangishaji, na watu wachache sana wanaijua. Mambo manne ndani yake yanamgusa mpangaji wa chumba kama aliyepanga nyumba nzima.

Kwanza, upangaji wa muda usiozidi mwaka mmoja unaweza kufanywa kwa mdomo. Mwalimu wetu asiye na karatasi bado ni mpangaji halali.

Pili, pale ambapo muda haukutajwa, au mtu amepewa nyumba akae na kulipa kodi bila maandishi, sheria inauchukulia upangaji huo kuwa wa vipindi. Kipindi hufuata namna kodi inavyolipwa. Upande wowote ukitaka kuuvunja, unatoa notisi isiyopungua kipindi hicho. Anayelipa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua mwezi. "Uwe umetoka Jumapili" si notisi.

Tatu, mpangaji anayelipa kodi na kufuata masharti ana haki ya kukaa kwa utulivu bila kusumbuliwa na mwenye nyumba kwa kipindi chote cha upangaji. Haki hii imo hata kama mkataba haukuitaja. Kung'oa mlango, kukata umeme kwenye LUKU ya pamoja au kufunga choo ili mpangaji achoke mwenyewe ni kwenda kinyume nayo.

Nne, nyumba ya kuishi lazima iwe inafaa binadamu kuishi, siku ya kuingia na baadaye. Pale mtu anapopanga sehemu tu ya jengo, kama chumba kimoja kwenye nyumba ya vyumba sita, paa na kuta kuu ni jukumu la mwenye nyumba. Bati likivuja Desemba, mpangaji wa chumba cha katikati si wa kuambiwa anunue bati.

Kuna jambo jingine kwa wanaopanga nyumba kubwa mjini Kibondo au Kasulu. Tangu 28 Machi 2025, kanuni za serikali zinakataza kutaja bei au kudai malipo kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani ya nchi. Mwenye nyumba anayesema "kodi ni dola" anatakiwa aitaje kwa shilingi.

Hela yako iko kwenye bati

Kama sheria ipo, mbona wapangaji wanaendelea kupoteza hela zao?

Jibu liko kwenye namna nyumba zinavyojengwa. Katika miji hii wenye nyumba wengi si matajiri. Ni mwalimu mstaafu, muuza duka, mjane aliyeachiwa kiwanja. Mkopo wa nyumba wa benki kwao ni habari ya televisheni. Wanajenga kwa awamu: tofali za kuchoma mwaka huu, bati mwaka ujao, madirisha mwaka mwingine.

Kodi ya miezi sita ndiyo mkopo wao. Mpangaji akilipa 300,000 kwa chumba cha 50,000 kwa mwezi, hela hiyo hailali. Kesho yake imeshakuwa saruji, ada ya mtoto au mbolea ya shamba.

Ndiyo maana mgogoro ukitokea mwezi wa nne, jibu la mwenye nyumba huwa ni "subiri kwanza". Mara nyingi si ujanja. Hela kweli haipo. Na mpangaji hata akishinda barazani, atakuwa anamdai mtu ambaye hela yake imegeuka ukuta.

Kwa hiyo ulinzi wa kwanza ni mdogo kuliko watu wanavyofikiri: kulipa kipindi kifupi kadiri mazungumzo yanavyoruhusu. Nyumba zikiwa nyingi mjini, mpangaji ana nguvu ya kuomba miezi mitatu badala ya sita. Hata kama mwenye nyumba ataongeza elfu mbili tatu kwa mwezi, mara nyingi nyongeza hiyo ni rahisi kuliko kumdai laki moja mtu ambaye hana.

Anayelazimika kulipa miezi sita afanye hivyo akijua ametoa aina ya mkopo. Hakuna mtu mwenye akili zake anayemkopesha mwingine laki tatu bila maandishi. Lakini wapangaji hufanya hivyo kila siku, mbele ya dalali ambaye mwezi ujao hatapokea simu.

Simu kama shahidi

Habari njema ni kwamba shahidi mzuri kuliko dalali yuko mfukoni. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 iliruhusu kumbukumbu za kielektroniki kupokelewa kama ushahidi. Meseji, picha na risiti ya muamala wa simu vinaweza kuzungumza mbele ya baraza, ilimradi chanzo chake kieleweke na visiwe vimechezewa.

Kinachomsaidia mpangaji ni tabia chache rahisi.

Kodi ilipwe kwa simu au benki, kwenda namba iliyosajiliwa kwa jina la mwenye nyumba. Akisisitiza hela taslimu, risiti ya mkono inatosha, ikiwa na jina, kiasi, tarehe, sahihi na maneno muhimu kuliko yote: "kodi ya kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani". Risiti isiyotaja kipindi huzaa ugomvi mwingine.

Baada ya kulipa, mpangaji atume meseji fupi na ya heshima: "Mama, shikamoo. Nimetuma 150,000, kodi ya chumba cha uani kuanzia 1 Februari hadi 30 Aprili. Asante." Jibu la "nimeipata mwanangu" ni ushahidi tosha kwa kuanzia, na hakuna aliyekosewa adabu.

Siku ya kuingia apige picha: kuta, dari, mlango, kitasa, choo, namba iliyo kwenye mita ya maji, salio la LUKU. Siku ya kutoka apige tena. Mabishano ya "umenivunjia kioo" huisha haraka mno picha zikiwepo.

Meseji zisifutwe, na picha za skrini zihifadhiwe pia kwenye barua pepe au simu ya ndugu. Simu ikiibiwa stendi, ushahidi usiende nayo.

Karatasi, mjumbe na stempu

Mkataba wa maandishi bado ni bora. Hauhitaji kuwa na lugha ngumu. Ukurasa mmoja wa Kiswahili unatosha: majina na namba za NIDA za pande zote mbili, nyumba iko wapi, kodi ni kiasi gani na kwa kipindi gani, nani analipa maji na umeme, nani anatengeneza kitu gani, notisi ni ya muda gani, na hela iliyobaki inarudishwaje mmoja akivunja mapema. Mashahidi wawili, kila upande na wake.

Ofisi ya mtaa, kijiji au kitongoji nayo ina nafasi. Katika wilaya hizi mbili mgeni kuandikishwa si jambo la ajabu. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inawataka wakimbizi waishi katika maeneo waliyotengewa, kwa hiyo viongozi huuliza nani kahamia wapi na katoka wapi. Wapangaji wengine huona ni usumbufu. Lakini jina likiwa kwenye daftari la mwenyekiti, hakuna atakayesema baadaye kwamba mtu huyo hakuwahi kuishi pale. Viongozi wengi wa ngazi hiyo walichaguliwa Novemba 2024, hivyo ni vizuri kujua aliyepo sasa ni nani.

Kuna kitu kimoja ambacho huwaumbua watu barazani: ushuru wa stempu. Mkataba wa upangaji unatakiwa kulipiwa ushuru huu TRA ndani ya siku 30 tangu kusainiwa, na kiwango kinachotumika ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Kwa chumba cha 50,000 kwa mwezi, ni 6,000 kwa mwaka. Mkataba usio na stempu unaweza kukataliwa kama ushahidi mpaka ushuru ulipwe pamoja na faini. Mtu amekuja na mkataba mzuri, umepigwa muhuri wa wakili, halafu unawekwa pembeni kwa sababu ya elfu sita.

Hama ikifika

Turudi kwa mwalimu wetu na ile meseji. Afanye nini?

Asijibu kwa hasira. Kila anachoandika kitasomwa na watu wengine baadaye. Ajibu kwa upole lakini kwa takwimu: "Mama, nimekusoma. Nimelipa mpaka tarehe 31 Januari. Naomba nikae mpaka hapo, au turudishiane kodi ya miezi miwili iliyobaki ndipo nihame." Sentensi tatu tu, lakini zimetaja haki, zimetoa njia mbili na zimeweka tarehe.

Aendelee kuitunza nyumba na kulipa anachotakiwa kulipa. Hapa ndipo wapangaji wengi hujiharibia. Mtu akikosana na mwenye nyumba, anaacha kulipa kodi "mpaka tuelewane". Kwa kufanya hivyo anampa mwenye nyumba sababu halali ambayo hakuwa nayo. Haki ya kukaa kwa utulivu imefungwa pamoja na kulipa kodi. Mwenye nyumba akikataa kupokea ili aseme hakulipwa, mpangaji atume kwa simu na atunze jibu, hata kama ni hela kurudishwa.

Mazungumzo yakishindikana, aende kwa mjumbe au mwenyekiti wa mtaa. Hapo hakuna hukumu, lakini migogoro mingi huishia hapo kwa sababu wote wanafahamiana. Wakikubaliana, waandike. Makubaliano ya mdomo mbele ya mwenyekiti husahaulika mwenyekiti akibadilishwa.

Kisha kuna Baraza la Kata. Hapa kuna mabadiliko ambayo wengi hawajayasikia. Mpaka mwaka 2021 baraza hili liliweza kusikiliza mgogoro na kutoa uamuzi. Marekebisho ya sheria ya mwaka huo yaliliondolea uwezo huo, na sasa kazi yake ni kusuluhisha tu. Likishindwa, linatoa cheti cha kuthibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana. Zikipita siku 30 tangu shauri lifikishwe bila suluhu, mlalamikaji anaweza kwenda mbele hata bila cheti hicho.

Mbele ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hilo ndilo linaloamua, na ndilo linaloweza kutoa zuio ili mpangaji asitolewe wakati shauri linaendelea. Ofisi ya kata au ya mkuu wa wilaya itaeleza ni baraza lipi linahudumia eneo husika na linakaa wapi. Asiyeridhika na uamuzi hukata rufaa Mahakama Kuu. Siku hizi Kigoma ina Mahakama Kuu yake. Zamani mtu alilazimika kwenda Tabora.

Asiye na hela ya wakili asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, watu waliofunzwa kutoa ushauri na kusaidia bila malipo. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri ni mahali pazuri pa kuanza kuwaulizia.

Na polisi? Deni la kodi ni la madai, si jinai, kwa hiyo polisi si mahali pa kudaiana. Lakini mwenye nyumba akivunja mlango, akipiga mtu au vitu vikapotea wakati wa kumtoa mpangaji, hayo ni mambo mengine. Hapo mpangaji achukue RB kituoni. Kumtoa mtu kwenye nyumba kwa nguvu ni kazi inayofuata amri ya baraza au mahakama, na hutekelezwa na dalali wa mahakama. Vijana wanne wa kijiweni waliopewa elfu kumi kumi hawana mamlaka hayo.

Mwenye nyumba akifariki

Kuna mgogoro mwingine ambao mpangaji hana kosa lolote ndani yake. Mwenye nyumba amefariki. Mwezi unaofuata mtoto mkubwa anakuja kudai kodi, wiki ya pili anakuja mke mdogo, wiki ya tatu mjomba anasema nyumba itauzwa.

Akimlipa asiyehusika, mpangaji anaweza kujikuta anadaiwa tena. Cha kufanya ni kuuliza kwa heshima barua ya usimamizi wa mirathi iliyotolewa na mahakama. Msimamizi ndiye mwenye mamlaka ya kupokea kodi kwa niaba ya marehemu. Mpaka apatikane, hela ya kodi iwekwe pembeni kila mwezi, na familia iandikiwe meseji kwamba ipo na inasubiri mwenye barua. Mpangaji anayefanya hivyo hana deni la kukwepa, na hajajiingiza kwenye ugomvi wa watu waliofiwa.

Upande wa pili wa geti

Sheria hii haimlindi mpangaji peke yake. Mwenye nyumba aliyepangisha kwa mdomo naye yuko wazi. Kuna mpangaji anayekaa miezi mitano bila kulipa, anayepangisha chumba kwa mtu wa tatu, anayeondoka usiku na funguo. Mama mjane anayetegemea vyumba vitatu kwa ada na dawa akikutana na mtu kama huyo, naye hana karatasi ya kushika.

Naye njia yake ni hiyohiyo: notisi ya maandishi, mwenyekiti, kata, baraza la wilaya. Akichukua njia ya mkato ya kufuli na kutupa vyombo nje, anageuka mdaiwa kwenye kesi ambayo angeshinda. Kwa hiyo mpangaji anayeomba mkataba asionekane ni mkorofi. Karatasi hiyo inawalinda wote wawili.

Jirani wamefanya nini

Uganda ilipata sheria mpya ya wenye nyumba na wapangaji mwaka 2022. Inaweka kikomo cha asilimia 10 kwa mwaka kwenye kupandisha kodi, na inafanya kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama kuwa kosa. Kuwa na sheria hakujamaliza ugomvi Kampala, lakini kumempa mpangaji jambo moja ambalo wa Kasulu hana: namba ya kutaja. Anajua asilimia ngapi ni nyingi mno.

Tanzania ikiamua kufuata njia hiyo, swali gumu litakuwa lile la bati. Ukizuia kodi ya miezi sita bila kumpa mjenzi mdogo mkopo wa bei nafuu, vyumba vinaweza kupungua, na vilivyopo vikapanda. Ukiacha kama ilivyo, mpangaji ataendelea kuwa benki ya mwenye nyumba, benki isiyo na riba wala dhamana. Sheria nzuri italazimika kugusa pande zote mbili, na kusogeza mabaraza karibu. Mtu anayedai 100,000 hawezi kutumia 60,000 ya nauli kuifuata.

Mpaka siku hiyo, mwalimu wetu ana simu yake. Kama alituma kodi kwa jina la mama mwenye nyumba na kuandika inaishia lini, ana pa kuanzia mazungumzo, na kesi pia ikibidi. Kama alitoa hela mkononi na kuondoka, bado hajachelewa. Amtumie leo meseji ya salamu, akumbushe alilipa kiasi gani na mpaka mwezi gani, asubiri jibu, alitunze. Kisha ndipo waongee habari za kuhama.